Kumcheka Aliyepotea Eapoti ni Kumsaidia Dalali

Kijiweni kwetu Buzuruga, hatua chache kutoka stendi, kuna kisa kisichochuja. Mzee mmoja, wanasema wa Magu, alikatiwa tiketi ya ndege na mwanawe aliyeko Dar. Akafika uwanja wa ndege wa Mwanza mapema kabisa, akaketi kwenye benchi, kibegi mapajani, akasubiri. Akisubiri nini? Konda aite: "Dar, Dar, Dar, bado wawili!" Konda hakuita. Ndege ikaruka mzee akiitazama, akidhani ni ya watu wa Bukoba.

Watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Nimekisikia kisa hiki zaidi ya mara kumi, na kila mara mzee hubadilishiwa kwao. Leo Magu, kesho Ukerewe, keshokutwa Sengerema, kutegemea nani hayupo kijiweni siku hiyo. Huenda hata hakikutokea.

Mimi sicheki tena. Leo nataka kusema kwa nini, na wadau mniwie radhi nikipandisha sauti kidogo.

Kwanza, mzee yule hakuwa mjinga. Alikuwa anafuata sheria ya usafiri anayoijua, tena kwa uaminifu. Njooni hapa stendi ya Buzuruga saa 12 asubuhi mwone. Hujashuka vizuri kwenye daladala, wapiga debe wameshakuzunguka. Mmoja kashika begi, mwingine kashika mkono, wa tatu anakuita shemeji. Bunda, Lamadi, Bariadi, Musoma, Tarime, Sirari, majina yote yanapigiwa kelele mpaka koo zinakauka. Tunalalamikia kelele zile kila siku, lakini jamani, zile kelele ndizo kibao chetu cha njia. Ni kibao chenye mdomo. Stendi gari ndilo linalomtafuta abiria. Huwezi kupotea hata ukitaka.

Uwanja wa ndege ni kinyume chake. Kule abiria ndiye anayeitafuta ndege. Skrini ziko kimya, vibao viko kimya, watu wako kimya wanatazama simu. Viwanja vingine duniani vimejitangaza kabisa kuwa viwanja vya kimya, spika hazikuiti ng'o, uangalie mwenyewe skrini. Sasa mtu aliyelelewa na mfumo unaomwita kwa jina la kwao, ukimwingiza kwenye mfumo usiomwita kabisa, na hakuna aliyemwambia kwamba sheria zimegeuka, atafanya nini? Atakaa kwenye benchi. Hata mimi na wewe tungekaa.

Na msiniambie eti watu wa kanda hii ni wageni wa safari. Waulizeni wazazi wenu. Miaka ya tisini, na hata mwanzoni mwa miaka ya 2000, barabara ya katikati ya nchi ilipokuwa mbovu, basi la kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam lilipita Nairobi! Naam, Nairobi. Lilishika barabara hii hii ya Musoma inayopita hapa Buzuruga, likaenda Sirari, likaingia Kenya, likalala njiani, likatokea Namanga, likashuka Arusha, ndipo likaitafuta Dar. Mama zetu waligonga mihuri ya kutoka nchini na kuingia tena nchini ili wafike kwenye mji mkubwa wa nchi yao wenyewe. Walibadilisha fedha mara mbili. Walijaza fomu. Walibishana na maafisa wa mipaka wa nchi mbili, mtoto mgongoni na kikapu cha samaki kichwani. Leo mtu mwenye historia hiyo anaitwa mshamba kwa sababu hakujua kwamba bodingi pasi ina namba ya kiti na namba ya geti, na kwamba hizo ni namba mbili tofauti?

Ndege zenyewe zimetufikia juzi juzi tu sisi watu wa kawaida. Mwezi Novemba 2012 fastjet ilipoanza kuruka kati ya Dar na Mwanza kwa nauli za chini, watu wengi wa mtaani kwangu ndipo walipopanda kwa mara ya kwanza. Kampuni hiyo ilisimama mwaka 2018, lakini mlango ulikuwa umeshafunguka. Hiyo ni miaka michache mno kwa jambo zima kuingia kwenye akili za watu kama stendi ilivyoingia. Ilihitaji kufundishwa. Badala ya kufundishana, tuliopanda mara mbili tatu tukajifanya tumezaliwa angani.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Uwanja wa ndege si kitu kigumu. Nimeshapita vichache vikubwa na vidogo, na ukivua mbwembwe zote, uwanja mzima ni foleni nne na mlango mmoja. Unakaguliwa mlangoni. Unakwenda kaunta kuonyesha tiketi, unaacha begi kubwa, unapewa kadi ya kupandia. Kama unatoka nje ya nchi unapita uhamiaji. Unakaguliwa tena mwili na kibegi. Kisha unautafuta mlango wako, geti, unakaa hapo mpaka waseme ingia. Basi. Kilichoufanya uwe mgumu ni kwamba tumeugeuza kuwa mtihani wa ustaarabu, na mtihani ukiwa wa ustaarabu mtu haulizi, maana kuuliza ni kufeli.

Wenzetu walilifikiria hili zamani. Mwaka 1967 uwanja wa Schiphol kule Uholanzi ulipofungua jengo lake jipya, msanifu Benno Wissing aliweka vibao vya rangi ya njano na kijani, maandishi makubwa, kila rangi na kazi yake, ili mgeni asisome sana, afuate rangi tu. Mwaka 1974 Wamarekani wakatoa alama 34 za picha za kutumika kwenye vituo vya usafiri: begi, simu, choo, ndege inayopaa, ndege inayotua. Zile picha unazoziona leo karibu kila uwanja zina asili hapo. Zilichorwa kwa sababu walikubali jambo moja ambalo sisi kijiweni hatutaki kulikubali: kwamba kila anayeingia uwanja wa ndege ni mgeni. Profesa ni mgeni, mchungaji ni mgeni, na muuza dagaa ni mgeni. Jengo la pili la abiria pale Dar, lililofunguliwa mwaka 1984, lilichorwa na Paul Andreu, Mfaransa yule yule aliyechora jengo la kwanza la uwanja wa Charles de Gaulle, Paris. Lile la Paris ni la duara, na Wafaransa wenyewe, na suti zao, hulizunguka wakitafuta walikotokea. Hakuna anayewaita washamba.

Lakini kuna mambo mawili ambayo hakuna picha wala rangi ya kuyamaliza, kwa sababu yanatoka ndani ya lugha yetu. Yanataka mtu akae na mtu.

La kwanza ni saa. Tiketi imeandikwa 06:00. Mswahili aliyezoea saa yake anasoma saa sita, anajipanga vizuri, anakunywa chai, anafika adhuhuri. Ndege iliondoka saa 12 asubuhi. Huyo hakuchelewa kwa uzembe, alisoma sawasawa kwa saa ya kwao. Kibaya zaidi ni zile ndege za usiku wa manane za kwenda nje. Tiketi inasema tarehe 15, saa 00:45. Watu wangapi wamefika jioni ya tarehe 15, wamejaa manukato na baraka za wazee, wakaambiwa ndege yenu iliondoka jana usiku? Kumbe Kiswahili kina neno lake zuri kabisa kwa jambo hili: usiku wa kuamkia tarehe 15. Yaani jioni ya tarehe 14 uwe umeshafika, saa tatu na robo tatu usiku uko mlangoni. Maneno manne tu hayo, usiku wa kuamkia tarehe, yangeokoa nauli za watu. Nani anayasema? Mkata tiketi anataja namba kama zilivyo, mtoto wa mjini anatuma picha ya tiketi kwa simu na kuandika "safari njema".

La pili ni herufi tatu. Naomba hapa mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo kicheko kinapoacha kuwa kicheko.

Kila uwanja wa ndege una jina la herufi tatu. Mwanza ni MWZ. Dar ni DAR. Muscat ni MCT, Dubai ni DXB, Doha ni DOH. Herufi hizo zinaandikwa kwenye tiketi, kwenye kadi ya kupandia, na kwenye ile karatasi ndefu wanayoifunga kwenye mpini wa begi lako kaunta. Begi lako linafuata herufi zile, halikufuati wewe. Kama tiketi ya Mwanza kwenda Dar imekatwa mbali na tiketi ya Dar kwenda ng'ambo, begi litaishia DAR na itakubidi ulichukue mwenyewe, utoke nalo nje, ulipeleke tena.

Sasa mfikirie binti wa mtaani kwetu. Ana miaka 22, ameambiwa kuna kazi ya ndani Muscat, mshahara mzuri, Waislamu wenzetu, Waswahili wamejaa huko. Tiketi anayo dalali. Pasipoti anayo dalali, "nisije nikaipoteza, dada yangu". Binti anashuka Dar kwenye jengo la pili, ambako abiria wengi wa ndege za ndani hushukia. Ndege ya nje inaondokea jengo la tatu. Majengo yale hayakuungana: unatoka nje kabisa, unatafuta njia. Hapo nje, katikati ya jengo na jengo, hajui kushoto wala kulia. Anachojua ni kwamba yule kaka aliyevaa miwani anajua. Basi anamfuata. Anamfuata kama mtoto anavyomfuata mama yake sokoni, kwa sababu amesikia kijiweni jinsi wanavyochekwa wanaouliza.

Kama angezijua herufi tatu, angetazama begi lake kaunta na kuona kama limeandikwa MCT au limeandikwa RUH, ambayo ni Riyadh, au BGW, ambayo ni Baghdad. Angejua anakokwenda kwa kusoma karatasi, si kwa kuambiwa. Herufi tatu! Mtoto wa darasa la pili anazisoma.

Sizui hofu. Mwezi Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Walihojiwa wafanyakazi 50. Wengi walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanyishwa kazi saa nyingi bila kupumzika, kulipwa pungufu ya walivyoahidiwa au kutolipwa kabisa, na baadhi kupigwa na kudhalilishwa kijinsia. Ule mfumo wa kafala unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake ndio ulioshika mpini. Sisi tuna Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu tangu mwaka 2008, na kumdanganya mtu ili umsafirishe ukamnyonye ni kosa chini yake. Sheria ipo. Lakini sheria haitembei na binti kutoka jengo la pili hadi la tatu.

Siwalaumu wanaokwenda. Wapo waliokwenda Uarabuni wakajenga kwao, wakasomesha wadogo zao, na ni haki yao. Ninachosema ni kwamba aende akijua njia, ili anayemsindikiza awe msindikizaji tu, asiwe mmiliki.

Mjue pia jambo hili ambalo dalali hatalisema. Tiketi za karatasi za zamani zilikwisha tangu tarehe 1 Juni 2008, mashirika ya ndege duniani yalipohamia tiketi za kielektroniki. Maana yake tiketi si kitu cha kushikwa na mtu mfukoni. Ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu sita. Ukiwa nao huo pamoja na jina lako la ukoo, unaweza kuiona safari yako yote kwenye tovuti ya shirika la ndege, kwa simu ya kawaida yenye intaneti: unapanda wapi, unashuka wapi, kuna siku ya kurudi au hakuna. Mwenye zile sita ndiye mwenye safari. Kwa hiyo anayekwambia "tiketi ninayo mimi, wewe usijali", mwambie: sawa kaka, nisomee hizo sita niandike kwenye daftari. Tazama uso wake.

Na kaunta ya uhamiaji. Watu wetu wanaiogopa kama mahakama. Wanafundishwa na madalali cha kujibu, wanakariri kama mashairi ya shule. Kumbe katika safari nzima ile, hapo ndipo mahali ambapo binti anasimama peke yake mbele ya afisa wa nchi yake, anayesema Kiswahili, na dalali yuko nyuma ya mstari hawezi kusikia. Kama kuna jambo la kusema, ni hapo. Nani amewahi kuwaambia hivyo? Tumewaambia tu kwamba pale ukibabaika unarudishwa. Tumekigeuza kinga kuwa kitisho.

Niseme na la lugha, kisha niwaache. Jengo la tatu pale Dar lilizinduliwa na Rais Magufuli tarehe 1 Agosti 2019, lina uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Mwezi ule ule, Dar es Salaam ile ile, mkutano wa SADC ukakubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya. Mwaka 2021 tukatunga sheria ya kukifanya lugha ya mahakama. Mwaka huo huo UNESCO ikatupa siku yetu, Julai 7. Tunapiga makofi kweli kweli. Lakini msikilizeni Mtanzania aliyetoka safari akimsimulia jirani yake: kila neno la uwanja wa ndege analitamka kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha puani. Maneno yapo. Geti ni geti, hata mlinzi wa nyumba analijua. Uhamiaji, forodha, mizigo, kuwasili, kuondoka, yote yapo na ni mepesi. Hayasemwi kwa sababu yakisemwa kila mtu ataelewa, na kila mtu akielewa msimuliaji hatakuwa tena mtu wa pekee. Huo ndio ukweli wenyewe, hata kama unauma.

Wana habari nao wanapenda jengo likizinduliwa: utepe, mkasi, shilingi ngapi, mkandarasi nani. Lakini siku ya pili abiria anakuja, anataka kujua atoke wapi aende wapi, na habari ya namna hiyo wahariri huiona ndogo. "Hiyo si stori," niliambiwa na mhariri mmoja nilipompelekea makala ya herufi tatu. Akataka nimtafutie aliyeachwa na ndege, picha iwepo, ikiwezekana akiwa analia.

Nikaamua kuifanya kwa njia ya kwetu. Nimeandika karatasi moja, kurasa mbili, kwa Kiswahili: saa ya tiketi na saa yetu, usiku wa kuamkia, herufi tatu na viwanja ishirini, zile sita za tiketi, jengo la pili na la tatu, na la kusema uhamiaji kama una hofu. Nimetoa nakala hamsini steshenari hapa karibu na stendi. Nyingine nimewapa akina mama wa vikoba, nyingine kanisani, nyingine msikitini kwa ustadhi aliyekuwa mwepesi kuliko wote, alizisoma papo hapo akaomba kumi zaidi. Moja niliibandika ukutani kwenye saluni ambako najua madalali hupita kutafuta mabinti.

Ilikaa siku mbili, ikachanwa. Nimebandika nyingine, juu zaidi, kwa gundi ya mbao.